Shajara ya mradi: kuchagua vitabu vya maarifa kwa maktaba ya watoto, Temeke

Machi, masika yameanza

Maktaba yetu ya jamii hapa Temeke imepata fungu la kununua vitabu vya maarifa, yaani visivyo vya hadithi, kwa watoto wa darasa la tatu hadi kidato cha pili. Vitabu vya kiada havituhusu. Hivyo vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na shule zinavyo au zinavisubiri. Sisi tunatafuta vya ziada: wanyama, mwili wa binadamu, anga, hali ya hewa, mashine, mambo ya kale. Mezani zimefika nakala za mfano kutoka kwa wauzaji, pamoja na maboksi ya msaada kutoka ng'ambo ambayo yamekaa stoo bila kufunguliwa. Sitaki kumharibia mtu biashara, kwa hiyo humu nitazitaja seti kwa rangi za majalada yake: ya kijani, nyeusi, ya machungwa. Vile vya Kiswahili vilivyofungwa kwa pini nitaviita vijitabu.

Tuko wachache: mimi, dada wa maktaba, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, na mama mmoja wa kamati ya wazazi ambaye alipita kutusalimia tukamkalisha. Watoto ndio watakaosoma kutuzidi sote.

Nilimwuliza muuzaji mmoja wa mjini kama naweza kuchukua vitabu vinne tu katika seti yake. "Bosi, seti haivunjwi." Nimeliandika jibu hilo hapa kwa sababu nina hakika tutarudi kwake.

Machi, wiki iliyofuata

Tumeanza na ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka, ule wa hakimiliki. Mwaka wa kuchapwa na mwaka wa toleo ni vitu viwili. Kitabu cha anga cha seti ya kijani kimechapwa upya majuzi tu, jalada linanukia wino, kumbe toleo lenyewe ni la 2003. Ndani, Pluto bado ni sayari ya tisa. Wanaastronomia waliiondoa kwenye orodha ya sayari mwezi Agosti 2006. Kitabu cha nchi za dunia cha seti hiyohiyo kinasema mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973. Mwalimu alisoma mara mbili, akasema, "Mimi wakati huo sijazaliwa."

Tumekubaliana kwamba makosa hayana uzito mmoja. Chukua miezi ya Zohali. Kitabu kimoja kinasema 62, kingine 82, kingine 145, na kila kimoja kilikuwa sahihi siku kilipoandikwa. Mwezi huuhuu wa Machi 2025 imetangazwa mingine 128, jumla ikafika 274. Kitabu cha karatasi hakiwezi kushindana na darubini, na hatutakikata alama kwa hilo. Ila mhariri ambaye hakuangalia ramani kwa zaidi ya miaka thelathini, huyo tunamkata, na tunaanza kushuku kurasa zake nyingine zote.

Basi tumejiwekea vituo vichache vya kukagua haraka. Je, ramani ya Afrika ina Sudan Kusini, iliyopata uhuru 2011? Inasema Eswatini, jina la tangu 2018? Kitabu cha wanyama kinaijua Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous 2019? Kitabu cha magonjwa bado kinasema malaria haina chanjo, wakati Shirika la Afya Duniani limeipendekeza ya kwanza Oktoba 2021? Dakika tano kwa kitabu zinatosha kujua mhariri alikuwa macho au la.

Seti ya kijani imeanguka karibu kila kituo, isipokuwa kitabu chake cha wadudu, ambacho ni kizuri ajabu. Mwandishi wake ni mwingine kabisa.

Machi, mwishoni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Tumepanga tu vitabu kwa namba za Dewey, zile za maktaba za kupanga vitabu kwa mada. Rafu ya 500, ya sayansi, imejaa hadi inapinda, na 967.8, ambayo ndiyo Tanzania, ina vijitabu vitatu.

Aprili, mvua hazikatiki

Nimepeleka nakala moja ya kila seti kwa fundi wa kujalidi pale Kariakoo, mzee aliyefunga tasnifu za wanafunzi wa chuo tangu enzi za taipureta.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hiki kinalala?"

Anauliza kama kitabu kikifunguliwa katikati kinalala chenyewe mezani. Kisicholala, mtoto atakilazimisha kwa kiganja, na gundi ya moto iliyopakwa mgongoni itapasuka. Alikigeuza, akanionyesha juu ya mgongo. Kilichoshonwa kwa uzi kina mafungu madogo madogo ya karatasi zilizokunjwa, yanahesabika. Cha gundi tupu kina ukingo mmoja ulionyooka. Nyeusi, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, imeshonwa. Ya kijani ni gundi. Ya machungwa imenishangaza: kitabu cha mwili kimeshonwa, cha mashine ni gundi, na bei ni moja.

Karatasi nayo ina mambo. Sisi tulikuwa tunaipenda ile ya kung'aa kwa sababu picha zinatoka vizuri. Mzee hakuwa na hamu nayo. Ikilowa, kitabu kikafungwa, kikakaukia hivyo, kurasa zinagandana, na ukizibandua wino unabaki upande wa pili. Bati letu linavuja karibu na dirisha la kaskazini, kwa hiyo hili si jambo la kufikirika. Karatasi ya kawaida hujikunjakunja tu, na bado inasomeka. Tatizo la vijitabu ni pini: hewa ya huku pwani inazishika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinatoka. "Hizo pini natoa, napitisha uzi. Lete vyote, nitakufanyia bei ya jumla."

Mei, shule zimefunguka vizuri

Mwalimu amebuni mtihani ambao sasa watoto wanauomba wenyewe. Mtoto anapewa swali na kitabu. Haruhusiwi kupekua kuanzia mwanzo. Anapita kwenye yaliyomo au kwenye faharasa, ile orodha ya mwisho yenye namba za kurasa. Papa ana mifupa? Mbu anayeeneza malaria ni dume au jike? Chuma kinashikaje kutu?

Tulilazimika kwanza kuwafundisha faharasa ni nini, maana wengi hawajawahi kuitumia. Walipoielewa wakawa mahakimu wakali. Kitabu cha bahari cha seti ya kijani hakina faharasa kabisa. Nyeusi inayo, lakini papa ametajwa kwenye kurasa kumi na kitu bila kuelezwa wapi ni chakula chake, wapi ni mifupa, na mtoto anachoka kabla hajafika. Msichana wa darasa la tano alikuja na kitabu cha mashine cha seti ya machungwa: "Anti, hapa wameandika ukurasa wa 61, na kitabu kinaishia 56." Dada wa maktaba alihesabu, ikawa kweli. Walipunguza kurasa kwenye toleo jipya, faharasa wakaiacha ya zamani. Sisi watu wazima wote tulikuwa tumekwishakipitisha.

(Papa hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu. Jibu lilipatikana kwenye kijitabu cha samaki, chini ya picha.)

Mei, lugha

Hapa ndipo palipo pagumu, na hakuna seti itakayotutoa. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Seti zote tatu za kigeni ni za Kiingereza. Tumetumia kipimo cha vidole: mtoto anasoma ukurasa mmoja, kila neno asilolijua anakunja kidole, vikiisha vitano kitabu ni kigumu kwake. Kwa darasa la nne vidole vimeisha mstari wa pili. Kwa watoto wanaotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, nyeusi ni nyepesi mno, wanaimaliza kabla ya saa ya kufunga.

Nyeusi inafuata mtindo wa picha kubwa iliyokatwa na kuwekwa juu ya ukurasa mweupe, maelezo yakizunguka pembeni. Dorling Kindersley wa London ndio walioutia nguvu mtindo huo kwa mfululizo wao wa Eyewitness tangu 1988, na wachapishaji chungu nzima wameufuata. Macho yanashiba. Lakini nimekaa nyuma ya watoto nikaangalia wanavyosoma: wanasoma maelezo ya picha, aya kuu inayounganisha mambo hawaigusi. Mtoto anatoka akijua upanga wa samurai na uzito wa ini, bila kujua kilichosababisha nini. Mimi kitabu cha namna hiyo nakitaka rafuni, ila si peke yake.

Kinyume chake ni kijitabu cha chura wa Kihansi. Karatasi ya kijivu, picha zimefifia, jalada baya. Ndani kinasimulia habari moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: chura mdogo wa sentimita mbili anayezaa watoto badala ya kutaga, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko milimani Udzungwa na kwingine kokote duniani hayupo. Likajengwa bwawa la umeme, maji mengi yakapitishwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Wataalamu wakaweka mabomba ya kunyunyizia. Wakachukua baadhi ya vyura wakawapeleka kwenye bustani za wanyama Marekani. Ukaja ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, akiwa hai bado katika matangi ya kioo ng'ambo. Kila hatua kijitabu kinasema nani alihesabu na alihesabuje. Darasa la sita walikisoma kwa zamu, wakaanza kubishana kama bwawa lingejengwa au lisingejengwa, na mwalimu akakosa namna ya kuwanyamazisha. Ubishi ule uliendelea hadi getini.

Sikuona ubishi wowote kwenye nyeusi.

Mei, mwishoni: kitabu cha mwili

Michoro ya damu. Vitabu vyote vinachora mishipa inayorudisha damu moyoni kwa rangi ya buluu. Ya machungwa imeandika chini kwamba buluu imetumika kutofautisha tu, na kwamba damu hiyo ni nyekundu iliyokoza. Ya kijani haikuandika, na watoto walionisomea wote waliondoka wakiamini wana damu ya buluu inayogeuka nyekundu ikikutana na hewa. Mstari mmoja tu wa maelezo ndio uliokosekana.

Kisha kurasa mbili za kubalehe. Mzazi mmoja wa kamati alipendekeza tuzigandishe kwa gundi. Kulikuwa na ukimya, halafu yule mama aliyekuja kutusalimia akasema, "Mimi nilifundwa na somo nikiwa mwari. Huyu wangu somo hana. Atafundwa na nani, simu?" Kikao kikacheka, na tukaamua: kurasa zinabaki, kitabu kinakaa rafu ya darasa la sita na kuendelea, na mtoto akitaka kukiazima hahojiwi.

Juni, likizo

Kitabu cha jua na hali ya hewa kimetuchukulia muda kuliko vyote, na sijuti.

Vitabu vyote vya kigeni vinasema misimu ni minne. Hilo watoto wanalipita. Wanajua wao wana masika, kipupwe, vuli na kiangazi kwa mpangilio mwingine, na theluji ni mambo ya katuni. Kilichowagonga ni sentensi ya seti ya machungwa: saa sita mchana jua liko kusini, kwa hiyo kivuli kinaelekea kaskazini. Imeandikwa hivyo tu, bila kusema kwa nani. Mvulana mmoja wa darasa la saba alitoka nje akarudi. "Si kweli."

Basi tukasimamisha mti wa mita moja uani, tukaunyoosha wima kwa timazi ya fundi uashi wa jirani. Mwalimu aliwaambia wasiamini saa ya ukutani, waweke alama kila dakika tano na wasubiri kivuli kifupi kuliko vyote. Kilikuja saa sita na dakika ishirini na kitu, si saa sita kamili, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya digrii 45 na Dar es Salaam iko karibu na 39. Kivuli kilielekea kusini, upande wa Mbagala, urefu wake karibu sentimita 58. Jua lilikuwa kaskazini.

Dar iko takriban digrii 6.8 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, miezi iliyobaki linapita kusini, na katika siku hizo mbili za kuvuka linasimama utosini, mti hauna kivuli. Mwandishi wa kitabu aliandikia watoto wa Uingereza, na kwao alisema kweli. Alichokosa ni maneno mawili matatu: "ukiwa Uingereza".

Ikaja na ya mwezi. Kwenye vitabu mwezi mwandamo umesimama wima, ncha zikitazama upande. Watoto waliofunga Ramadhani na kuutafuta wanajua wa kwetu umelala chali, ncha juu. Kijitabu kimoja cha Kiswahili, ambacho kimeandikwa hapa hapa, nacho kimechora mwezi uliosimama. Hicho nimekikata alama nyingi kuliko vya kigeni, na mwalimu anaona nimezidisha.

Swali lililozuka: je, kitabu chenye kosa la namna hii tukiache? Dada wa maktaba alitaka tukiache. Mimi na mwalimu tulitaka tukinunue kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa kinatoa madai ambayo mtoto anaweza kwenda kuyapima uani kwa mti na rula. Kosa la Dodoma halipimwi, unaambiwa tu. Tumeshinda kwa kura ya mama, kwa sharti kwamba vipimo vya watoto vibandikwe ndani ya jalada.

Juni, baadaye

Dinosau. Kila seti ina kitabu chake na ndicho kinachochakaa kwanza. Tulitafuta kitu kimoja: mifupa mikubwa iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, yenye kimo cha zaidi ya mita 13. Nyeusi imeipa kurasa mbili nzima na maelezo yanasema "iliyopatikana Afrika". Ya machungwa imesema "Afrika Mashariki". Vya kijani havikusema. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati wa Wajerumani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu, kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake halimo katika kitabu chochote mezani petu. Jina la mnyama lenyewe limeshabadilika, wataalamu wengi siku hizi wanamwita Giraffatitan badala ya Brachiosaurus, na hilo nyeusi imelisahihisha kwenye toleo jipya. Kwa hiyo mhariri alirudi kwenye ukurasa huo, akabadilisha jina la mnyama, akaiacha "Afrika" kama ilivyokuwa.

Tuna watoto wenye bibi zao Lindi. Mmoja aliomba aiandike habari hiyo.

Pia tumewapeleka kikundi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na vitabu mkononi, kuangalia habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwezi Julai 1959. Vitabu viwili vinamwita babu yetu. Siku hizi anahesabiwa tawi la pembeni lililokatika. Daladala zilijaa, kurudi ilikuwa shida, mengine hayana la kuandika.

Julai

Nimekaa na alama zote. Ukizijumlisha kwa seti, nyeusi inashinda, ya machungwa ya pili, ya kijani inatupwa. Ukizitazama kitabu kimoja kimoja, hesabu inavunjika. Kitabu bora cha wadudu kiko kwenye seti mbaya. Kitabu kibovu cha mashine kiko kwenye seti nzuri. Vitabu vinavyobeba nembo moja vimeandikwa na watu tofauti, miaka tofauti, vimefungwa na viwanda tofauti; kinachofanana ni jalada. Seti ni njia ya kuuza. Tunanunua vitabu.

Nimerudi kwa muuzaji wa mjini na orodha. Akasoma, akacheka, "Bosi, umeninyofoa macho tu." Ya kijani hakukubali kuivunja, kitabu cha wadudu tumekipata baadaye kwa mwuzaji wa vitabu vya mitumba wa Posta, nakala ina jina la mtoto wa Kizungu kwa penseli. Nyeusi amekubali kuivunja tukichukua nakala mbili mbili: mwili, bahari, dinosau. Kutoka ya machungwa tumechukua ya mwili pia, kwa ajili ya ule mstari wa damu na zile kurasa mbili, na ya jua. Cha mashine tumekirudisha, karatasi ya msichana yule ikiwa imebanwa kwenye faharasa.

Fedha iliyobaki yote imeingia kwenye vijitabu, nakala nyingi kadiri tulivyoweza, maana hivyo ndivyo darasa la tatu hadi la tano wanaweza kusoma bila mtu. Chura wa Kihansi yumo. Kimo pia cha umeme, chenye hesabu ya Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, ambapo watoto wanazidisha wenyewe kupata 2,115 na kuona kama kitabu kimesema kweli. Chenye mwezi uliosimama hakimo. Mwalimu bado hajanisamehe.

Kinachosubiri: vipimo vya kivuli vya Oktoba, kwa sababu darasa la saba wameapa kuiona siku isiyo na kivuli kabla hawajakubali kubandika chochote kwenye kitabu cha jua. Karatasi ya Tendaguru imeandikwa, dada wa maktaba anaipiga chapa. Vijitabu vinaenda Kariakoo Jumatatu, Mzee atoe pini.